Zine 600 kwenye maboksi: tuanzie wapi kuziorodhesha, na tuzipange vipi?

Meza_ya_Kusomea

Habari wadau. Kikundi chetu kimekabidhiwa zine zipatazo 600 (vijarida vidogo ambavyo watu hujiandikia na kujichapishia wenyewe), zimejazwa kwenye maboksi ya kawaida, na tunataka ziwe maktaba ndogo ya watu wote: mtu aingie, achague, akae asome, nyingine aazime. Tuna chumba kimoja, rafu mbili za mbao, kompyuta moja ya zamani na watu wanne wa kujitolea. Hakuna hata mmoja aliyesomea ukutubi.

Nyingi ni A5, yaani A4 iliyokunjwa katikati na kubanwa pini mbili za stepla. Zipo za A6, zipo zile za karatasi moja iliyokunjwa ikatoa kurasa nane, na chache za A4. Karibu nusu hazina tarehe. Waandishi wengi wametumia majina ya kubuni. ISBN (namba ya kimataifa ya utambulisho wa kitabu) hakuna hata moja, kwa hiyo zile programu za kuskani msimbo wa nyuma ya kitabu hazina kazi hapa.

Naomba kujua: kila zine iandikiwe taarifa gani bila sisi kufia kwenye kompyuta? Rafuni zipangwe kwa jina, kwa mada au kwa namba? Tutumie programu gani? Na tukimaliza, tunaruhusiwa kuziskani na kuzipandisha mtandaoni?

---

KadiNaPenseli

Karibu. Programu ije baadaye. Kwanza kubalianeni kwamba zine moja ni mstari mmoja, na kila mstari una namba isiyobadilika na isiyopewa zine nyingine. Kosa lolote jingine mtalirekebisha mbele ya safari, lakini namba zikivurugika mtarudi kushika zine moja moja.

Namba iwe ya mfululizo tu: 00001, 00002, na kuendelea. Msiingize mada, mwaka wala ukubwa ndani yake. Mkiandika "AFYA-017" halafu mtu akaisoma vizuri akagundua ni zine ya malezi, namba imeshakuwa ya uongo na kuna atakayetaka kuibadilisha. Zine ikipotea, mstari wake ubaki na neno "imepotea", na namba ife nayo.

Iandikeni kwa penseli ya 2B, mkono mwepesi, ndani ya jalada la nyuma, kona ya chini upande wa mkunjo. Kalamu ya wino hupenya karatasi ya gramu 80 ikatokea upande wa pili, na stika huacha gundi inayogeuka njano. Jalada likiwa jeusi tii kwa fotokopi, namba iende ukurasa wa mwisho wenye nafasi nyeupe, kona ile ile.

Kolamu zinazotosha: namba, jina, toleo, mwandishi, mwaka, mji, kurasa, ukubwa, lugha, mada, muhtasari, nakala, mahali ilipo, ruhusa, maelezo. Sasa kanuni zake, maana hapo ndipo watu wanne huandika orodha nne tofauti.

*Jina* litoke kwenye jalada kama lilivyo, hata kama limekosewa herufi. Jina la ndani likitofautiana na la jalada, la ndani liende kwenye maelezo. Zine isiyo na jina kabisa ipeni maneno ya kwanza yanayosomeka, ndani ya mabano ya mraba. Hayo mabano yawe na maana moja tu katika orodha nzima: "hiki tumekiandika sisi, hakipo kwenye zine".

*Mwaka* vivyo hivyo. Umeandikwa 2009, andika 2009. Haukuandikwa lakini ndani kuna tangazo la tamasha la 2009, andika [2009?]. Mnajua muongo tu, andika [200-?]. Hamjui kitu, acheni wazi. Msikisie kwa sura ya karatasi. Fotokopi ya mwaka jana ya zine ya 1994 inafanana na mpya kwa sababu ni mpya.

*Kurasa* hesabuni zote, majalada yakiwemo. Zine iliyokunjwa na kubanwa katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne. Mkipata 22, ama karatasi imechomoka nusu, ama kuna karatasi moja imepachikwa, ama mmehesabu vibaya. Ni dakika moja ya kazi, na hugundua zine pungufu nyingi kabla hazijafika rafuni.

*Mada* zisizidi tatu kwa zine, na zitoke kwenye orodha mliyokubaliana, si kichwani mwa anayeandika siku hiyo. Anzeni na maneno 40 hadi 60 kwenye karatasi ya pili ya jedwali lenu. Kila neno lionyeshe wenzake waliokataliwa: "Baiskeli: tumia hili, si Uendeshaji baiskeli". Bila hivyo, baada ya zine 200 mtakuwa na "muziki", "Muziki", "miziki" na "bendi", na anayetafuta atapata robo ya anachotaka. Hamlazimiki kuanza sifuri: Anchor Archive ya Halifax, Kanada, ina orodha yake ya mada iliyotengenezwa kwa ajili ya zine, na inafaa kuichungulia muone jinsi maneno yanavyoelekezana.

*Muhtasari* ni sentensi mbili. Ya kwanza iseme ni nini (shajara, vibonzo, maelekezo, mashairi, mahojiano), ya pili iseme inahusu nini. "Zine nzuri sana" si muhtasari.

Kuhusu programu: anzeni na jedwali la LibreOffice Calc. Koha, programu ya kuendesha maktaba, ni nzuri na haina malipo ya leseni, ila inataka seva na mtu wa kuitunza, na kwa zine 600 ni mzigo wa bure. Jedwali safi huhamishwa kwenye mfumo mkubwa wakati wowote. Jedwali chafu halihamishiki kokote.

Tahadhari moja ya jedwali: kabla hamjaandika neno la kwanza, chagueni kolamu za namba, toleo na mwaka, mzigeuze kuwa za maandishi. Msipofanya hivyo, 00042 itageuka 42, na toleo la pamoja "3-4" linaweza kugeuzwa kuwa tarehe. Faili ya CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) nayo ikifunguliwa kwa kubofya mara mbili inaweza kurudia mchezo huo huo, hata kama mwanzoni mliandika vizuri. Iingizeni kwa hatua, mkitaja kila kolamu ni ya aina gani.

Majina ya kolamu yalinganisheni na xZINECOREx. Huo ni mpangilio wa taarifa uliotengenezwa na wakutubi wa zine wenyewe juu ya msingi wa Dublin Core, ile orodha ya kimataifa ya vipengele 15 vya kuelezea nyaraka. Siku mkitaka kuunganisha orodha yenu na ya maktaba nyingine, hamtabishana kolamu gani ni ipi.

Kwa muda, kadirieni dakika sita kwa zine. 600 mara sita ni saa 60. Watu wanne ni jozi mbili, saa 30 kila jozi. Fanyeni kazi wawili wawili, mmoja anashika zine na kusoma, mwingine anaandika. Makosa hupungua sana kuliko mtu mmoja akifanya yote.

---

Boksi_Kavu

Yote aliyosema mkuu hapo juu sawa. Mimi naongezea upande wa kuzitunza, maana orodha nzuri ya zine zilizoota ukungu haina msaada.

Kabla ya chochote kuingia chumba cha kusomea, kila boksi lipekuliwe mbali na rafu. Tafuteni vumbi la karatasi mfano wa unga, vishimo, madoa yenye manyoya, harufu ya uvundo. Zenye dalili ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa. Kama tatizo ni wadudu na hakuna unyevu, friza huwamaliza: zine ndani ya mfuko, hewa imetolewa, wiki moja kwa nyuzi -20, au wiki mbili na zaidi kwa friza ya nyumbani ya nyuzi -18. Zikitoka, msifungue mfuko kwa saa 24. Ukifunguliwa mapema, unyevu wa hewa ya chumba hugeuka matone juu ya karatasi baridi, na hapo mmetoka kuua wadudu mkaalika ukungu. Zenye ukungu uliolowa zikaushwe kwanza ndipo zipanguswe, nje na kwa barakoa. Ukiupangusa ukiwa mbichi unaupaka ndani ya karatasi.

Unyevu wa hewa chumbani uwe asilimia 35 hadi 50. Kipima unyevu kidogo cha kidijitali kinatosha. Kikisoma 60 siku kadhaa mfululizo, fungueni njia ya hewa au wekeni feni. Kikipita 65 ukungu unaanza kuota. Rafu isigusane na ukuta unaopigwa mvua kwa nje, na rafu ya chini iwe angalau sentimita 10 kutoka sakafuni.

Zine zisimame ndani ya maboksi ya faili, zisilazwe kwa mrundikano. Ya chini huwa haitolewi tena. Hesabu ya nafasi ni rahisi. A5 ya kurasa 20 ni karatasi tano zilizokunjwa, tabaka kumi, na karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1. Hiyo ni milimita moja, lakini kwenye mkunjo inakaribia mbili kwa ajili ya pini. Boksi la upana wa sentimita 10 litabeba 50 bila kubana, kwa hiyo zenu 600 ni maboksi 12, na mengine mawili ya kukua. Kila baada ya zine 10 hadi 15 wekeni kadibodi ngumu isimame nazo, la sivyo zile laini hujikunja kama ulimi na jalada hupinda jumla.

Mifuko ya plastiki: polipropilini au poliesta, kamwe si PVC. PVC ina vilainishi ndani yake vinavyoyeyusha tona ya fotokopi, na baada ya muda maandishi huhamia kwenye plastiki. Ukiufungua mfuko unasikia unabanduka. Ukinunua bila lebo, ile laini yenye harufu kali ya plastiki iepuke.

Zilizochapwa kwa Riso (mashine ya kuchapa kwa stensili na wino) ni kesi nyingine. Wino wake haukauki kabisa kwenye maeneo yaliyojaa rangi, kwa hiyo hutia madoa vidoleni na kwenye zine jirani. Pachikeni karatasi nyeupe tupu kati yake na mwenzake, na msifute chochote kwa raba karibu na rangi.

Pini za stepla: ambazo hazina kutu ziacheni. Yenye kutu inyoosheni miguu yake kwa ndani kwa kutumia kisu butu chembamba, mkiwa mmetanguliza kipande cha kadi chini yake kisikwaruze karatasi, kisha itoeni kwa nje. Pini mbili huacha matundu manne. Pitisheni uzi wa pamba kwenye matundu hayo hayo, fungeni fundo kwa ndani. Msitoboe mapya. Na selotepu isiingie chumba hicho hata kidogo. Gundi yake husambaa, hubadilika kahawia, halafu plastiki hubanduka yenyewe na kuacha doa lisilotoka.

---

RafuYaTatu

Naomba nitofautiane kidogo na KadiNaPenseli, au niseme nimalizie alipoachia. Namba ya mfululizo ni ya orodha. Mkiipanga rafu nzima kwa namba hiyo, msomaji akiingia anaona 00213 karibu na 00214, hazihusiani kwa lolote, na zine hazina hata uti wa mgongo wa kuandikwa jina kama kitabu. Atashika mbili, atatoka. Maktaba ya zine inaishi kwa watu kupekua.

Kupanga kwa jina nako hakufai. Zine moja ikibadili jina kila toleo, matoleo yake yatatawanyika rafu nzima, na kila mgeni huirudisha mahali anapodhani.

Ninachoona kinafanya kazi: gaweni kwa ukubwa kwanza, kwa sababu A6 ikikaa na A5 huzama na haionekani, na A4 ikilazimishwa kwenye boksi la A5 hukunjwa. Halafu ndani ya A5 pekee, ambazo ndizo nyingi, gaweni kwa makundi makubwa 8 hadi 12, si zaidi. Maisha binafsi, vibonzo, muziki, siasa, afya, ufundi, mashairi, na kadhalika. Kila kundi lina rangi yake, na rangi hiyo ni ukanda wa karatasi uliowekwa ndani ya mfuko wa polipropilini, kona ya juu, haugusi zine kwa gundi. Juu ya ukanda ndipo namba inasomeka. Kwenye jedwali, kolamu ya "mahali ilipo" iseme rangi na boksi: "Bluu 2". Mkihamisha zine kutoka bluu kwenda kijani mnabadilisha kolamu moja tu.

Ndani ya boksi msihangaike kuzipanga kabisa. Zine 50 mtu anazipekua kwa dakika mbili, na kila upangaji wa ndani huvurugwa na msomaji wa kwanza. Anayesoma asirudishe mwenyewe. Wekeni trei mezani iliyoandikwa "Umemaliza? Iache hapa". Hapo mnapata na hesabu ya bure ya zipi zinasomwa: kabla ya kurudisha, pigeni mstari mmoja kwenye daftari kwa kila namba.

Vile vya karatasi moja, kurasa nane, ni A7 (milimita 74 kwa 105) na ndivyo vinavyopotea kwanza. Vinateleza ndani ya zine kubwa na hamvioni tena. Tumieni albamu ya kadi au picha yenye mifuko isiyo ya PVC, kila mfuko kimoja, na mahali pawe "Albamu 1, uk. 6".

Kuazima: zenye nakala mbili tu ndizo zitoke, moja ibaki. Maktaba ya zine ya Barnard College, New York, hufuata njia hiyo ikipata nakala mbili: moja ya kuhifadhiwa, moja ya kuazimwa. Mpeni mtu zisizozidi tano kwa wiki tatu, ndani ya bahasha ngumu yenye namba zote zimeandikwa juu, ili anaporudisha mhesabu mbele yake. Zine ya peke yake ambayo mnaweza kupata nakala yake tena kwa mwandishi, muulizeni kabla haijachakaa.

---

Lakabu_Tu

Kuhusu kuskani: kuwa na zine si kuwa na haki ya kuisambaza. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki ya mwandishi inaanza kazi inapoundwa, haihitaji kusajiliwa wala alama ya ©, na kwa kazi zilizotolewa kwa jina la kubuni ambalo mwenyewe hajulikani, ulinzi ni angalau miaka 50 tangu zifikishwe kwa umma. Hivyo kukosa jina halisi hakuifanyi zine kuwa ya bure.

Kolamu ya "ruhusa" iwe na majibu manne tu: *imeandikwa* (zine yenyewe inasema nakili na sambaza, au ina leseni ya Creative Commons, ile ya kuruhusu wengine watumie kazi kwa masharti), *imetolewa* (mwandishi amewajibu, na ujumbe wake mmeuhifadhi), *imekataliwa*, *haijaulizwa*. Mbili za kwanza ndizo zinaweza kuskaniwa ziende mtandaoni, tena mkisoma masharti: leseni nyingine hukataza biashara au mabadiliko. Nyingine zote mnaonyesha mstari wa orodha tu.

Lakini sheria ndiyo nusu nyepesi. Mtu aliyetoa nakala 40 za zine kuhusu ugonjwa wake au familia yake aliwaandikia wasomaji 40, si injini za utafutaji. Kwa hiyo msiunganishe jina la kubuni na jina halisi, hata kama mnamjua mwandishi na hata kama toleo la pili lilitaja jina ambalo la kwanza lilificha. Andikeni kila toleo kwa jina lililo juu yake. Anwani ya posta au namba ya simu iliyo kwenye jalada la nyuma isiingie kwenye orodha ya hadharani, mji unatosha. Mkipiga picha ya jalada lenye anwani, ifunikeni. Wakutubi wa zine waliandika kanuni zao za maadili, Zine Librarians Code of Ethics, na sehemu kubwa yake inahusu hasa haya.

Pia wekeni njia ya mtu kuomba jina lake libadilishwe au zine yake iondolewe, na asitakiwe kueleza sababu. Hakikisheni mnaondoa na kwenye nakala rudufu zilizo mtandaoni, siyo kwenye ukurasa wa mbele peke yake.

Halafu muhtasari. Msimpachike mwandishi utambulisho ambao hakujipa. Zine ikisema "naishi na huzuni", muhtasari usiandike jina la ugonjwa.

---

Meza_ya_Kusomea

Asanteni sana wakuu, nimechapa uzi mzima. Mawili yamebaki. Ile zine inayobadili jina kila toleo: je, tuipe jina moja? Na kuna zine zenye vitu ndani: CD, uzi uliofumwa, jani lililokaushwa na kugundishwa, pakiti ndogo ya mbegu.

---

KadiNaPenseli

Kila toleo lina mstari wake na jina lake la jalada. Ongezeni kolamu moja, "mfululizo", muweke humo jina la toleo la kwanza mlilonalo kwa matoleo yote. Anayetafuta kwa jina lolote atafika, na mkichuja kwa kolamu hiyo yote yanajipanga. Msilazimishe mfululizo kwa kuangalia mwandiko tu, iwe imeandikwa ndani ("toleo lililopita liliitwa...") au mwandishi amethibitisha.

---

Boksi_Kavu

CD itoke kwenye zine, ina uzito unaopinda karatasi. Iwekeni kwenye bahasha ya karatasi, namba ya zine juu ya bahasha na herufi: 00318a. Mkiwa na kifaa cha kuisomea, nakilini faili zake mapema, maana CD za kuchoma hazidumu.

Uzi uacheni, ila zine hiyo iwe na mfuko wake na kadibodi nyuma. Jani lililogundishwa lipigwe picha leo, kabla halijavunjika, na zine ilazwe badala ya kusimama. Mbegu zitoeni kabisa: ni chakula cha wadudu na panya. Andikeni kwenye maelezo "ilikuja na pakiti ya mbegu, imeondolewa", pigeni picha pakiti pande zote mbili, na pakiti tupu irudi ndani ya mfuko wa zine.